Alama Ziko Kwenye Kinachosikika: Hotuba kwa Wanaojiandaa na Mtihani wa Kuzungumza Kiingereza

Ndugu wanafunzi, na walimu mliofuatana nao,

Tuanze na chumba chenyewe, maana wengi mnaogopa chumba ambacho hamjawahi kukiona. Ndani yake kuna meza, viti viwili au vitatu, kinasa sauti, na mtu mwenye karatasi. Maswali yale hakuyatunga asubuhi hiyo. Ameandikiwa, na mara nyingi haruhusiwi kuyabadilisha hata neno moja. Ndiyo sababu huonekana mkavu. Ukijibu vizuri hatakusifu, ukikosea hatakusahihisha, na muda ukiisha atakukatiza ukiwa katikati ya sentensi. Yote hayo hayana uhusiano na kufaulu wala kufeli kwako. Anaangalia saa tu.

Sasa mtu huyo anatoa alama kwa kitu kimoja: sauti iliyotoka kinywani mwako ikaingia sikioni mwake. Msamiati uliohifadhi kichwani, sarufi unayoijua ukiwa na kalamu mkononi, jibu zuri lililokujia ukiwa unafunga mlango, hayo yote hayahesabiwi, kwa sababu hakuyasikia. Kila mbinu tutakayoitaja leo imetoka hapo. Ongeza kinachosikika, kisha hakikisha kinaeleweka.

Kabla ya mbinu, ujue mtihani wako. Sehemu ya kuzungumza ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kwa mfano, huchukua dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini mmoja. Kwanza maswali mafupi kukuhusu wewe, dakika 4 hadi 5. Kisha unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, na unazungumza peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Mwisho mnajadiliana mambo yanayotokana na mada hiyo, dakika 4 hadi 5 nyingine. A2 Key ya Cambridge, ambayo imekusudiwa wanaoanza hasa, ni tofauti: mnaingia watahiniwa wawili, na watahini nao ni wawili, mmoja anauliza na mwenzake yuko pembeni kimya anatoa alama, na sehemu hiyo nzima ya kuzungumza ni dakika 8 hadi 10. Ipo pia mitihani ambayo hakuna mtu kabisa, unazungumza na kompyuta huku umevaa visikizi. Anayejifua kwa kadi ya dakika mbili ilhali mtihani wake ni wa kueleza picha amepoteza mwezi mzima. Mpangilio wa kila mtihani umetangazwa na wanaoutoa, na kuusoma hakuzidi nusu saa.

Ujue pia wanachopima. IELTS ina vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Mitihani mingine huvipanga kwa namna yake, lakini humo humo ndimo inamozunguka. Tazameni kisichokuwamo. Hakuna alama za kujua mambo ya dunia, wala za kuwa na maoni ya busara. Ukiulizwa kama unapenda muziki na hupendi, sema hupendi na ueleze kwa nini. Hilo ni jibu kamili. Hata ukweli haupimwi, unaweza kumbuni kaka usiye naye. Ila hatuwashauri, kwa sababu anayeanza ana kazi ya kutosha kutafuta maneno, na kutunga uongo kunamwongezea mzigo wa pili.

Tuje kwenye kosa linalowapotezea wanaoanza alama nyingi kuliko mengine yote: jibu fupi. "Do you like reading?" "Yes." Kimya. Mtahini anangoja, anauliza swali lingine. "What do you read?" "Books." Kimya tena. Mwanafunzi huyu hajakosea kitu. Sarufi yake haina doa, maana hakuna sarufi iliyotoka. Tatizo ni kwamba mtahini hana cha kupimia.

Dawa yake ina vipande vitatu: jibu, sababu, mfano. "Yes, I do. I usually read at night because the house is quiet. Last month I finished a book about the sea." Sentensi tatu, maneno 22. Angalieni kilichotokea humo. Sentensi ya kwanza imejibu. Ya pili imeleta "because" na mazoea ya kila siku. Ya tatu imeingiza wakati uliopita bila kuombwa. Mtahini aliyesikia hayo ameshapata nyakati mbili na kiunganishi kimoja, na swali lenyewe lilikuwa la ndiyo au hapana. Mfano ndio kipande chenye thamani kubwa, kwa sababu karibu kila mara mfano hukupeleka kwenye tukio, na tukio hukutoa kwenye wakati uliopo. Kwa maswali ya mwanzo sentensi mbili hadi nne zinatosha. Ukifika ya sita umeanza kutanga, na mtahini atakukatiza.

Ukikosa sababu, tumia mlango mwingine: mara ngapi, na nani, wapi, zamani na sasa. "I don't cook very often. When I was a child, I helped my grandmother every day." Hicho cha zamani na sasa kishikeni, kinafanya kazi kwa takriban swali lolote.

Lakini huwezi kujibu ambacho hukukisikia. Wanaoanza wengi husikiliza neno moja wanalolijua ndani ya swali na kulirukia. Mfano wake ni "What's your teacher like?" Wanasikia "teacher" na "like", wanajibu "My teacher likes football." Swali lilikuwa mwalimu wako ni mtu wa namna gani. Masikio yawe kwenye maneno mawili ya mwanzo. "How often" inataka mara ngapi, "how long" inataka muda, "how far" inataka umbali. Kisha sikiliza kitenzi kiko wakati gani, maana swali hukukopesha wakati wa jibu lako. Likija na "did", jibu kwa wakati uliopita. Likija na "have you ever", anza na "Yes, I have" au "No, I haven't", na kama ni ndiyo, hamia kwenye wakati uliopita kueleza lini na vipi: "Yes, I have. I went there two years ago."

Na usiposikia, omba. Kuomba swali lirudiwe mara moja moja hakukupunguzii chochote. Kujibu swali ambalo hukuulizwa kunakupunguzia. Karirini sentensi hizi mbili mpaka zitoke zenyewe: "Sorry, could you say that again, please?" na "Sorry, what does that word mean?" Ile ya pili mtahini anaweza asiijibu, kwa kuwa kuna sehemu za mtihani ambamo anaruhusiwa kurudia swali tu bila kulifafanua. Hapo kisia, na utangaze kwamba unakisia: "I'm not sure, but I think..." Kusema "What?" peke yake ni ukavu, na kunyamaza ukitazama dari ni kumwachia mtahini aamue kwamba hukuelewa.

Sasa tuna jambo letu sisi tunaoongea Kiswahili, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu makosa yetu hayatoki hewani. Yana asili, na anayeijua asili ya kosa hulishika mapema.

La kwanza ni saa. Sisi tunahesabu tangu mapambazuko, Kiingereza kinahesabu tangu usiku wa manane na tena tangu adhuhuri. Anayeamka saa kumi na mbili asubuhi akasema "I get up at twelve" amemwambia mtahini kwamba hulala mpaka mchana. Tofauti ni saa sita: saa moja ni "seven", saa mbili ni "eight", saa tisa ni "three". Usifanye hesabu mezani. Chukua ratiba yako ya siku nzima, iseme kwa sauti kwa Kiingereza kila asubuhi kwa wiki moja, mpaka saa yako ya kuamka iitwe "six" bila kupitia kumi na mbili.

La pili ni "he" na "she". Kiswahili kina "yeye" na "a-", basi, mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo ulimi unashika "he" na kuendelea nayo: "My mother is a nurse, he works at night." Sheria hii kila mwanafunzi anaijua, na bado anaikosea, kwa kuwa kichwa chake hakijazoea kuuliza swali hilo kabla ya kitenzi. Zoezi lake ni kusimulia watu wawili kwa zamu, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, sentensi moja huyu na moja yule, dakika tatu kila siku. Inachosha, na inafanya kazi.

La tatu, mtenda anayetajwa mara mbili. Kwetu "rafiki yangu yeye anapenda" ni msisitizo mzuri. "My friend he likes" ni kosa, na "Me, I think" inasikika hivyo hivyo. Mtaje mara moja, uende kwenye kitenzi.

La nne, maswali ya kukanusha. "You don't like coffee?" Kwetu mtu huitika "ndiyo, sipendi", yaani umesema kweli. Kiingereza hakiangalii kama muulizaji amesema kweli, kinaangalia kitenzi cha jibu lako. Kama kitenzi kimekanushwa, anza na "No": "No, I don't." Ukisema "Yes, I don't", mtahini hajui ashike lipi. Na lipo dogo la tano: sisi husikia harufu, Waingereza "smell" harufu. "I hear a bad smell" itamfanya mtahini atabasamu, lakini si kwa heri.

Matamshi nayo yana asili zake. Habari njema kwanza: sauti mbili zinazowatesa wanafunzi wa mataifa mengi sisi tunazo nyumbani. "Think" inaanza kama thamani, "this" inaanza kama dhahabu. Anayesema "sink" na "zis" anaacha mali yake mwenyewe kabatini.

Habari ngumu ni irabu. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka irabu moja kwenda nyingine. Maana yake sauti kadhaa za kwao zinaingia kwenye sanduku moja la kwetu. "Ship" na "sheep" zote zinakuwa i. "Cat", "cut" na "cart" zote zinakuwa a. "Work" na "walk" zinaanza kufanana. Huna haja ya kuzimaliza zote 20 kabla ya mtihani. Chagua jozi nne au tano ambazo zikichanganyika maana inaharibika, kama "live" na "leave", "work" na "walk", "full" na "fool", na uzisome mbele ya kinasa sauti bila mpangilio. Kesho yake sikiliza na uandike ulichosikia. Usipoweza kujitambua mwenyewe, mtahini hataweza.

Kisha mwisho wa maneno. Neno la Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo mdomo wetu hupenda kuongeza irabu pale ambapo Kiingereza kimefunga na konsonanti: "booki", "schooli". Wengine hufanya kinyume, humeza konsonanti ya mwisho. Hili la kumeza lina hasara kubwa zaidi, maana mwishoni mwa neno ndiko sarufi ya Kiingereza inakokaa. Ukimeza sauti ya "t" inayosikika mwisho wa "worked", mtahini amesikia "I work there in 2019", ameandika kosa la wakati, ilhali wewe ulikuwa unaijua kanuni. Ukimeza "s", umekosea wingi na umekosea "he works" kwa pigo moja. Kumbukeni pia kwamba "-ed" huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d. "Wanted" ina silabi mbili, "needed" vilevile. "Worked", "played" na "stopped" zina silabi moja moja. Anayesema "work-ed" anasikika kama anasoma herufi.

Mkazo tuuseme kwa kifupi. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Kiingereza huuhamisha: "PHOtograph", "phoTOGrapher", "photoGRAPHic". Hakuna kanuni moja ya kukuokoa, kwa hiyo kila neno jipya ujifunze na mkazo wake, uupigie mstari daftarini. Tarakimu ziangalieni zaidi. "ThirTEEN" inavuta mwisho, "THIRty" inavuta mwanzo, na ukichanganya hapo umebadilisha umri wa mtu. Silabi zisizo na mkazo zififie. Sisi tunazipa silabi zote haki sawa, wao hawafanyi hivyo: "comfortable" ikitamkwa silabi nne nzito nzito humchosha msikilizaji. Lakini lafudhi yako iache. Hakuna anayekutaka uongee kwa pua. Kinachopimwa ni kama msikilizaji anakufuata bila kuhangaika.

Na mwendo? Wengi wanadhani fasaha ni mwenye kasi. Mtahini anachosikiliza zaidi ni pale unapopumzika. "Last Saturday, I visited my aunt, because she was ill." Pumziko likiwa kwenye mpaka wa fungu la maneno linasikika kama pumzi ya kawaida. Likiwa katikati ya fungu, "I visited my... my... aunt", linasikika kama mtu anayetafuta. Basi tafuta neno lako ukiwa mpakani. Ukihitaji muda zaidi, ujaze kwa Kiingereza: "Well, let me think", "I've never thought about that", "It's difficult to say, but". Hayo "eee" na "yaani" na "nini hii" yanaleta Kiswahili mezani, na yakishaingia huwa hayaji peke yake. Msitumie kijazio kimoja kila swali. "That's a good question" ikisikika mara nne imekuwa kigugumizi cha aina nyingine.

Neno likikupotea kabisa, lizunguke. Huu ni ujuzi wa kweli wa lugha, na watahini wanauthamini. Umesahau "ladder"? "It's a thing for climbing up to the roof." Umesahau "widow"? "A woman whose husband is dead." Beba fremu nne: "It's a thing for...", "It's a kind of...", "It's like a..., but bigger", "It's the opposite of...". Fanyeni mchezo wawili wawili: mmoja anachukua vitu kumi vya nyumbani, anavieleza bila kuvitaja, mwenzake anakisia. Sekunde 15 kila kitu.

Ukijisikia umekosea, jirekebishe mara moja na usonge: "He go, he goes to work by bus." Imetosha. Usiombe radhi, usirudie sentensi nzima. Kama kosa ulilisema sentensi mbili nyuma, liache huko huko. Anayerudi nyuma kufukua anapoteza mtiririko ili kuokoa "s" moja.

Tufike kwenye kadi, au zamu ndefu. Dakika moja ya kujiandaa ina sekunde 60, na kosa la kawaida ni kuandika sentensi. Utamaliza mbili, kisha utazisoma macho chini na sauti imezama, na baada ya sekunde 20 umekwisha. Andika maneno sita tu. Mada ni "Describe a journey you remember"? Karatasi iwe hivi: 2 years ago, bus + uncle, rain, slept on seats, laughed, next time train. Kila neno lizae sentensi tatu za maneno kama 11, na hapo una maneno karibu 200. Kwa mwendo wa maneno 100 kwa dakika, ambao ni mwendo wa starehe kwa anayeanza, hizo ni dakika mbili kamili. Pembeni andika "WENT" kwa herufi kubwa kama ishara kwamba habari yote ni ya wakati uliopita. Kama kuna mtu ndani yake, andika "he" au "she". Neno la sita liwe la wakati ujao makusudi, ili zamu yako isiishe bila mtahini kukusikia ukiutumia. Maneno yakikuishia kabla ya muda, usiseme "That's all" ukafunga mdomo. Linganisha zamani na sasa, au sema mwenzako alionaje, au ungefanya nini tofauti.

Picha ina njia yake. Anza na jumla: "This is a picture of a family in a kitchen." Kisha watu, wanafanya nini, na hapa kitenzi ni "is" au "are" pamoja na "-ing", si "The man cook". Kisha mahali: "on the left", "behind her", "in the background". Kisha makisio: "Maybe they're tired", "She looks happy". Usipojua jina la kitu alichoshika mtu, lizunguke kama tulivyosema. Makisio ndiyo yanayookoa wenye maneno machache, kwa sababu picha ina vitu vyenye kikomo lakini makisio hayaishi.

Kwenye mtihani wa wawili, mwenzako si mpinzani. Alama zenu zinatolewa mbalimbali. Ukimfunika asipate nafasi, umeonyesha hujui mazungumzo. Akinyamaza, mvute: "What about you?", "Do you agree?" Na anapoongea msikilize kweli, kisha ushike neno lake: "You said the train is cheap, but it's slow." Sentensi kama hiyo inaonyesha mazungumzo kuliko hotuba ya dakika nzima.

Sasa majibu ya kukariri. Kila mwaka wapo wanaoingia na kurasa kumi kichwani. Mtahini hulitambua jibu lililokaririwa haraka: sauti hubadilika ghafla, macho huhama, maneno makubwa hutoka kwa mtu ambaye dakika moja kabla alikuwa anatafuta "because". Kisha anauliza swali la kuchimba ambalo halimo kwenye kurasa zile, na hapo pengo linaonekana wazi. Kariri fremu, usikariri majibu. "I prefer... to... because...", "I used to..., but now...", "The main reason is...". Fremu ishirini zilizokaa ulimini zinatosha kwa anayeanza, na unaweza kuzijaza chochote utakachoulizwa.

Mazoezi, dakika 20 kwa siku, kwa wiki nne. Dakika 5 za mwanzo fuata sauti ya mzungumzaji: cheza rekodi fupi, ongea naye papo hapo, ukiwa nyuma yake kwa neno moja au mawili, ukiiga mkazo na mapumziko yake. Rekodi hiyo hiyo siku tatu mfululizo, usibadilishe kila siku. Dakika 10 zinazofuata ni za kujibu. Kama huna mwenzako, jirekodi ukiuliza maswali kumi, na baada ya kila swali acha nafasi ya sekunde 20, ambazo zinatosha sentensi tatu. Siku ya pili yacheze na uyajibu huku simu nyingine, au ya jirani, ikikurekodi. Dakika 5 za mwisho sikiliza. Sikiliza kitu kimoja tu kwa wiki: wiki ya kwanza urefu wa majibu, ya pili mwisho wa maneno, ya tatu nyakati na "he" na "she", ya nne mahali pa mapumziko. Hesabu makosa kwa vijiti kwenye karatasi. Anayejisikiliza kwa kila kitu kwa pamoja hutoka na huzuni tu, hana orodha.

Mara mbili kwa wiki, chukua mada moja uiseme kwa dakika 2, kisha mada hiyo hiyo kwa dakika 1 na nusu, kisha kwa dakika 1, bila kupunguza habari. Mara ya tatu utashangaa jinsi maneno yanavyokuja, kwa kuwa hutafuti tena cha kusema.

Na jina lako. Tusicheke, hili linaangusha watu. Swali la mwanzo huwa ni jina, na kwenye mitihani ya chini waweza kuulizwa jinsi linavyoandikwa. Herufi E ya Kiingereza inasikika kama "i" yetu, I inasikika kama "ai", A inasikika kama "ei". Neema akilitaja kwa majina ya irabu za Kiswahili, mtahini ataandika jina la mtu mwingine. Litaje jina lako kamili, herufi kwa herufi, mara kumi kwa siku, mpaka lisikupe shida.

Siku yenyewe, ongea Kiingereza kwa sauti dakika 15 hadi 20 kabla ya kuingia, hata kama ni peke yako ukieleza unachokiona dirishani. Kinywa kilichokuwa kwenye Kiswahili asubuhi nzima huchukua maswali matatu au manne kubadilika, na maswali hayo yana alama. Beba kitambulisho ulichojiandikishia. Kaa wima, mikono huru, uso kwa mtahini, si kwa kinasa sauti. Akisema "How are you?", "Fine, thank you" inatosha, swali hilo bado si mtihani. Sentensi ya kwanza iseme polepole kuliko unavyotaka, kwa sababu woga huongeza kasi na hutaisikia wewe mwenyewe.

Akisema "Thank you, that is the end of the speaking test", sema "Thank you, goodbye", inuka, toka. Usimuulize umefanyaje. Haruhusiwi kukwambia, na kinasa sauti kinaweza kuwa bado kinazunguka.